Siku 31 za mdogo wangu kwenye mashine: nilivyojifunza maana ya "life support"

Fomu niliyopewa kutia saini ilikuwa na kurasa mbili, na katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, "life support", ambayo nilidhani ninayajua vizuri. Ilikuwa saa saba usiku. Mdogo wangu wa kiume, mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 31, alikuwa nyuma ya pazia akihangaika kumeza mate yake mwenyewe, na muuguzi alikuwa amesimama mbele yangu na kalamu. Nilitia saini huku nikilia, kwa sababu niliamini kwamba nilikuwa ninakubali kifo chake. Ninaandika haya ili mtu mwingine akifika mbele ya fomu kama ile asilie kwa kutojua, na hasa asicheleweshe saini kama tulivyoichelewesha sisi.

Ugonjwa ulianza kwa jambo dogo. Aliharisha kwa siku tatu, akapona, akarudi kazini. Baada ya siku kumi hivi akaanza kulalamika kwamba nyayo zina ganzi, kama amekanyaga mchanga wa moto. Zahanati walimpa vidonge vya vitamini na vya maumivu. Siku mbili baadaye alishindwa kupanda ngazi za darasani, na asubuhi iliyofuata alianguka bafuni akashindwa kuinuka. Hospitali ya binafsi tuliyompeleka hapa Dar es Salaam, daktari alimgonga magotini kwa kinyundo na mguu haukuruka hata kidogo. Akasema anashuku ugonjwa unaoitwa Guillain-Barré, ambao madaktari wa Kifaransa waliueleza mwaka 1916: kinga ya mwili, mara nyingi baada ya maambukizi kama yale ya kuharisha, hugeuka na kushambulia mishipa ya fahamu, udhaifu ukaanzia miguuni na kupanda. Ukipanda hadi kwenye misuli ya kifua, mgonjwa hawezi kuvuta pumzi, ingawa mapafu yake ni mazima na akili yake ni timamu.

Daktari alikuwa na kipimo ambacho sikuwahi kukiona. Alimwambia mdogo wangu avute pumzi moja ndefu, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Mchana alifika 22. Saa kumi jioni alifika 14, na daktari akatuita pembeni, akasema angependa kumwekea mashine ya kupumulia mapema, kwa utulivu, kabla hajazidiwa. Sisi tukaomba muda. Tulifanya kikao cha ukoo kwa simu, watu wa Morogoro na Tanga wakiwa hewani, na baba yetu mkubwa, ambaye kauli yake huwa haipingwi, akasema, "Mtu akishawekwa kwenye mashine, hapo mnasubiri kuzika tu. Mpelekeni nyumbani apate dua." Mimi ndiye niliyekuwa hospitalini na mimi ndiye niliyeona hesabu ikishuka, lakini niliogopa kumpinga mzee, nikanyamaza. Kufikia saa saba usiku alihesabu hadi 8 na mate yakaanza kumpalia. Alipowekewa mrija kooni ilikuwa kwa haraka na kwa kukimbizana, oksijeni ikiwa imeshashuka, na siku nne baadaye akapata homa ya mapafu. Daktari hakutulaumu, lakini nilipomuuliza kama mate yaliyoingia mapafuni usiku ule yanahusika, alisema inawezekana sana. Saa tisa zile za kubishana bado zinaniuma.

Nimejiuliza mara nyingi imani ile tuliipata wapi, kwa maana hakuna yeyote katika ukoo wetu aliyewahi kuingia chumba cha wagonjwa mahututi hata kumwona mtu. Nadhani tuliipata kwenye lugha yetu ya kila siku. Timu inapokaribia kushuka daraja tunasema inapumulia mashine. Kiwanda kinapodaiwa na benki, magazeti huandika kwamba kiko mahututi. Tumeyatumia maneno hayo kwa vitu vinavyokufa kwa muda mrefu kiasi kwamba yanaporudi mahali pake, kwa mtu wa nyama na damu, yanakuja yamebeba kifo tayari. Binamu yetu ambaye ni mwanafunzi wa uuguzi alizidi kutuchanganya aliposema kwenye kundi la WhatsApp kwamba yeye amesomea "life support" kwa siku mbili na ana cheti. Shangazi akauliza, mashine za hatari kiasi hicho zinasomewaje kwa siku mbili? Kumbe yeye alikuwa anasema kuhusu huduma ya kwanza ya kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama, ile ya kubana kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika na kumpulizia pumzi, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa jina hilohilo. Hata mitambo inayowatengenezea wanaanga hewa ya oksijeni kutoka kwenye maji huitwa hivyo.

Asubuhi ya pili daktari bingwa, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinikalisha kwenye benchi la korido na kunieleza kwa Kiswahili kile ambacho fomu haikukieleza. Alisema kwamba maneno yale si jina la mashine moja. Yanakusanya kila kitu kinachofanya kazi ya kiungo ambacho kimeshindwa kwa wakati huo: mashine ya kupumulia inayosukuma hewa mapafuni, dawa zinazopita kwenye mshipa mkubwa ili kuinua shinikizo la damu lisianguke, mashine ya kusafisha damu pale figo zinapogoma, mrija wa puani unaopeleka chakula tumboni, na katika hospitali chache duniani, mashine inayoitoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha. Mgonjwa anaweza kuhitaji kimoja tu, au vyote. "Dada," aliniambia, "ukiambiwa mgonjwa wako yuko kwenye mashine, bado hujaambiwa kitu. Uliza mashine ya nini."

Kisha akanieleza jambo ambalo ningependa lingekuwa limeandikwa kwenye fomu kwa wino mzito. Mashine ya kupumulia haitibu ugonjwa. Inafanya kazi kama plasta ngumu ya mfupa uliovunjika: plasta haiungi mfupa, inaushika ukae mahali pake hadi mwili uuunge wenyewe. Kwa hiyo swali la maana ni kama kuna kitu kinachotarajiwa kupona wakati mashine inashika. Kwa mdogo wangu jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu katika ugonjwa ule udhaifu hufikia kilele ndani ya wiki mbili hadi nne, kisha mishipa huanza kujirekebisha polepole, na wagonjwa wengi hupona.

Baadaye nilisoma historia ya jambo hili na nikatamani baba mkubwa angeisikia jioni ile. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipatwa na mlipuko mkubwa wa polio, na wagonjwa, wengi wao watoto, walikuwa wakifa kwa sababu misuli ya kupumua ilikuwa imepooza na mashine za wakati huo zilikuwa chache mno. Daktari wa nusukaputi aitwaye Bjørn Ibsen alipendekeza watobolewe tundu kwenye koo na hewa isukumwe kwa mkono kwa kubana mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, kwa miezi, kila mmoja akimbania mgonjwa mfuko, na vifo vikapungua sana. Kutoka hapo ndipo vilipozaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi. Yaani watu wa kwanza kabisa kuokolewa kwa njia hii walikuwa kama mdogo wangu, watu wenye akili timamu waliopungukiwa nguvu ya misuli tu.

Kosa letu la pili lilikuwa la mdomo, na hili ndilo ninaloliomba kila familia iliepuke. Siku ya sita baba mkubwa alisafiri kutoka Morogoro kuja kumwona. Alivalishwa gauni la kijani, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama kijana amelala bila kutikisika, macho yamefumba nusu, kifua kikipanda na kushuka kwa mpigo wa mashine. Akaniambia kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni kubwa, "Mwanangu, huyu ameshaondoka. Hii ni hewa ya mashine tu. Tuzungumze habari za kaburi." Nilikuwa ninatazama kioo cha juu ya kitanda, na namba ya mapigo ya moyo ikatoka 92 ikapanda 118, kisha 131, kengele ikaanza kulia. Muuguzi alikuja, akazima kengele, akamfuta mdogo wangu chozi lililokuwa likiteremka kuelekea sikioni. Akamgeukia mzee kwa adabu: "Shikamoo baba. Naomba tutoke nje kidogo. Mgonjwa anakusikia." Baba mkubwa alikaa kwenye ngazi za hospitali kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kuanzia jioni hiyo yule muuguzi alitufundisha kuzungumza naye. Kope mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Niliandika alfabeti kwenye kadibodi ya boksi la glavu, nikawa ninapitisha kidole herufi kwa herufi hadi afumbe macho. Neno la kwanza alilotuandikia lilichukua karibu dakika kumi na tano: M, G, O, N, G, O. Tulimgeuza ubavu, na chini ya shuka, pale alipokuwa amelalia, tukakuta kifuniko cha plastiki cha sindano. Hakuna aliyejua kimekaa hapo tangu lini, na ngozi ilikuwa imeshabadilika rangi. Tangu hapo niliomba niwepo, kila iliporuhusiwa, wakati wa kumgeuza, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya saa chache ili kuzuia vidonda vya kulalia, na nilipitisha kiganja changu juu ya shuka lote kabla hajarudishwa chali.

Kitanda cha pili kutoka chetu kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyepata ajali ya kichwa. Naye alikuwa na mashine ileile, mrija uleule, na kwa macho yetu walifanana kabisa. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba neno moja linaweza kufunika hali mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Madaktari wawili walimpima kwa nyakati tofauti: mwanga machoni haukufanya mboni isinyae, mrija wa kunyonya makohozi haukumfanya akohoe, na walipoiondoa mashine kwa dakika kadhaa huku wakimpa oksijeni, hakujaribu kuvuta pumzi hata mara moja. Ubongo wote ulikuwa umekufa. Mama yake aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi pia: mbona moyo unadunda? Daktari akamjibu kwamba moyo una chanzo chake wenyewe cha mapigo, na unaweza kuendelea kwa muda maadamu unapata oksijeni, hata pale ubongo usipokuwepo tena.

Walikuwa Waislamu, na ndugu mmoja alihofia kwamba kuzima mashine ni kuua. Shekhe waliyemwita aliwaeleza kwa upole kwamba suala hilo wanazuoni wamelijadili, na kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 liliruhusu mashine kuondolewa pale madaktari bingwa wanapothibitisha kwamba ubongo umekoma moja kwa moja. Upande wetu wa Wakristo, maana familia yetu imechanganyika, padri alitukumbusha kwamba Papa Pius wa Kumi na Mbili alizungumza na madaktari wa nusukaputi mwaka 1957 na kusema mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kuendeleza maisha. Ninayataja haya kwa sababu familia nyingi hugombana kwenye korido bila kujua kwamba viongozi wao wa dini wameshalifikiria jambo hilo, na wakiitwa mapema huja. Yule kijana alizikwa siku iliyofuata. Mama yake alipita kitandani kwetu, akamshika mdogo wangu mguu, akasema, "Wewe upone."

Kuna hali ya tatu iliyo katikati, na watu huichanganya na hizo mbili. Kesi ya Karen Ann Quinlan huko Marekani inaionyesha: mahakama iliwaruhusu wazazi wake waondoe mashine ya kupumulia mwaka 1976, nao wakaiondoa, lakini binti akaendelea kupumua mwenyewe bila kuzinduka, akilishwa kwa mrija, hadi alipofariki mwaka 1985. Hakuwa amekufa ubongo, na hakuwa macho. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mashine ikizimwa mgonjwa hufa papo hapo, jua kwamba mambo hayaendi hivyo siku zote, na umuulize daktari mgonjwa wako yuko katika hali ipi hasa.

Niseme kuhusu fedha bila kuficha. Kitanda kilikuwa shilingi 700,000 kwa siku, kabla ya dawa na vipimo. Dawa yenyewe ya ugonjwa, kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji, hutolewa kwa uzito: gramu 0.4 kwa kila kilo, kila siku kwa siku tano. Mdogo wangu ana kilo 65, ikawa gramu 130, vichupa 26 vya gramu tano tano. Kiwanja cha Chamazi alichokilipia kwa miaka sita kiliuzwa kwa siku nne, kwa bei ya mtu mwenye shida. Bima ililipa sehemu na kufikia kikomo. Kosa letu hapa lilikuwa kutoomba bili hadi siku ya tisa, na tulipoiona tulikaa chini. Omba bili kila baada ya siku mbili. Uliza siku ya kwanza kabisa, bila aibu, kama mgonjwa anaweza kuhamishiwa hospitali ya umma yenye chumba cha mahututi na nani atampokea, kwa sababu kumhamisha mtu aliye kwenye mashine kunahitaji gari la wagonjwa lenye mashine na mtaalamu ndani, na kitanda hakipatikani kwa kupiga hodi. Sisi tulihamia hospitali ya umma siku ya kumi na moja, na huko ofisa ustawi wa jamii alitusikiliza na kutupangia malipo. Tungemwona mapema, pengine kiwanja kingebaki.

Siku ya kumi na tatu walituambia wanataka kumtoboa tundu kwenye koo na kuuhamishia mrija hapo. Simu zikaanza tena, ila safari hii sikuitisha kikao. Niliuliza maswali matatu niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari: kinasaidiwa kiungo gani, tunasubiri nini kitokee, na tutajuaje kama hakitokei. Daktari akajibu yote matatu kwa dakika tano. Tundu lile lilikuwa nafuu kubwa. Mdomo wake ulibaki huru, dawa za usingizi zikapunguzwa, na kwa mara ya kwanza tukamwona akijaribu kutabasamu kwa upande mmoja.

Kumtoa kwenye mashine wauguzi walikuita kumwachisha, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa, na kwa kweli kulifanana. Dakika kumi siku ya kwanza, kisha arudishwe. Siku iliyofuata nusu saa. Kuna siku alichoka, akarudishwa saa ishirini na nne nzima, na mama yetu akadhani tumerudi mwanzo. Mwambieni ndugu mapema kwamba kurudishwa nyuma ni sehemu ya safari, vinginevyo mtatumia nguvu zenu kuwatuliza wao. Chagueni pia msemaji mmoja wa familia. Sisi tulikuwa watano tukimuuliza daktari kwa zamu, kila mmoja akarudi na kipande chake, na vipande hivyo vikagombana kwenye simu usiku kucha.

Siku ya 31 aliondolewa kabisa. Sauti ilirudi baada ya tundu kuzibwa, nzito na ya kukwaruza, na alianza kumeza uji kwa kijiko huku tukimshika shingo. Sikutegemea yaliyofuata: ndoto za kutisha za kengele na nyuso za kijani, woga wa kulala chali, miezi mitano ya mazoezi ya viungo, wa kwanza akijifunza kukaa tu. Sasa anafundisha vipindi vichache kwa wiki na anatembea na fimbo. Unyayo wa kushoto bado unaburuza, na deni tunalilipa kila mwezi. Baba mkubwa humpigia kila Jumapili. Alimwomba radhi kwa maneno yale ya miguuni pa kitanda, na mdogo wangu alimjibu kwamba aliyasikia yote, ila kilichomtesa zaidi kilikuwa kutojua muda, kwani taa za kile chumba hazizimwi na hakuweza kutofautisha alfajiri na jioni.

Daftari langu nimelikopesha kwa jirani ambaye mume wake yupo hospitalini sasa, figo zikiwa zimegoma. Kabla sijalipeleka, mdogo wangu aliliomba, akaandika mstari mmoja chini ya maswali yangu matatu, kwa mwandiko wake mpya ambao bado unayumba: "Kila mkiingia, mwambieni leo ni siku gani na ni saa ngapi."